Penseli kwa Tusichokijua

Wiki ile niliyokuwa nakabidhi funguo za chumba cha michoro, Neema, mhandisi mdogo kuliko wote pale idara ya maji, aliniita kwenye kompyuta yake. Alikuwa amenuna. Alikuwa ameandika fomula ya mto, ile tunayoijua sote, yenye herufi a na b ndani yake, akaiamuru programu ichore grafu. Programu ikagoma. Ikamtolea maandishi mekundu kwamba herufi hizo hazina thamani.

"Mama Atu, hii kitu inanidai namba ambazo sina."

"Mashine yako ina adabu," nikamwambia. "Isikilize."

Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, grafu ilikuwa imejaa kioo kizima, mstari umepinda vizuri, unateleza kama ukingo wa sufuria mpya. Nikamuuliza namba amezitoa wapi. Akacheka.

"Nimeweka moja kila mahali, mama. Ili tu ichore."

Nikavuta kiti, nikakaa ghafla. Neema akadhani sukari imeshuka, akakimbia kuniletea soda. Soda niliinywa, mimi vya bure sikatai, ila sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimemkumbuka Mzee Kihwele na mwanamke mmoja wa Usangu aliyeitwa Mama Kulwa. Nikaona niandike kabla sijazoea kulala mchana. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Waulizeni watu wa utumishi, wao ndio waliokuwa wakiyachelewesha. Naandika habari ya karatasi moja iliyo kwenye droo ya juu, ile ambayo ufunguo wake sasa anao Neema. Nusu yake imetiwa wino, na nusu ya juu ni penseli mpaka leo.

Nilianza kazi Iringa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilitoka kwetu Tukuyu na cheti cha kidato cha nne, mwandiko mzuri na sweta moja. Mtoto wa Tukuyu nilidhani baridi naijua. Kumbe yetu ni ya mvua na ukungu, ina huruma. Ya Iringa ni ya upepo, inaingia mpaka ndani ya kalamu, wino unakataa kushuka. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mchoraji mkuu ameweka chupa ya wino kwapani kuipasha joto. Huyo ndiye Mzee Kihwele. Mhehe mrefu, koti lake la suti lina viraka viwikoni, penseli nyuma ya sikio.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Mnyakyusa tuliyeletewa? Ndizi ziko wapi?"

"Nimekuja na penseli, mzee."

"Haya. Njaa ikituuma tutaila hiyo penseli."

Kazi yetu ilikuwa kupima mito. Kina cha maji ni rahisi kujua. Unasimika mtoni ubao wenye namba, na mtu wa kijiji cha jirani anausoma asubuhi na jioni. Wingi wa maji yanayopita ndio wenye kazi. Huo lazima ushuke mtoni mwenyewe na mashine yenye pangaboi dogo, usikilize linavyozunguka huku maji yakikusukuma kiunoni. Ukishapima mara nyingi, mto ukiwa mwembamba na ukiwa umenenepa, unaweka nukta zako kwenye karatasi, kina upande mmoja na wingi wa maji upande wa pili, na kupitisha mstari. Mstari ule una fomula, na fomula ina herufi mbili, a na b, ambazo kila mto una zake. Mto haumkopeshi mwenzake namba.

Basi siku ile ya kwanza Mzee Kihwele akaniwekea mezani karatasi ya miraba midogo, juu yake ameandika fomula kwa herufi tupu. "Chora," akasema, akarudi mezani kwake.

Nikangoja anipe namba. Hakuinua kichwa. Nikachora mhimili wa kusimama na wa kulala, nikaipamba kwa vipimo, nikangoja tena. Mwishowe nikajikaza.

"Mzee, a ni ngapi?"

"Wewe unadhani ni ngapi?"

"Sijui."

"Na b?"

"Nayo sijui."

"Vizuri. Umeanza kazi."

Nilidhani ananichezea shere. Mpaka saa ya chai sikuwa nimechora kitu, na machozi yalikuwa karibu. Ndipo akaja na ukanda wa madini ya risasi uliovikwa mpira, ule tuliotumia kufuatishia mistari ya kupinda. Ukiukunja, unabaki ulivyoukunja. Akaulaza juu ya karatasi yangu. Akausukuma wote kwenda juu. "Hii ndiyo kazi ya a. Inanyanyua." Akaurudisha, akaukunja ncha yake ikasimama kama mkia wa mbwa mwenye furaha. "Hii ni kazi ya b. Inapinda. Leo namba hatuna. Lakini tabia ya herufi unaweza kuijua kabla ya kujua namba yake. Nichoree mistari kadhaa, kila mmoja na a yake na b yake, nione mto huu unaweza kuwa nani na nani."

Nikachora familia nzima ya mistari, mingine imelala, mingine imesimama wima. Akaitazama kwa muda mrefu. Nikangoja sifa. Akasema, "Umebonyeza penseli mno, utatoboa meza ya serikali."

Sheria za chumba kile zilikuwa mbili tu, na hazikuandikwa popote. Ya kwanza, wino ni kwa kilichopimwa, penseli ni kwa tusichokijua. Ya pili, hakuna anayetia wino peke yake. Unachora kwa penseli, unamwita mwenzako, anakagua nukta moja moja, akiridhika anasema, "Tia wino." Bila neno hilo kalamu haifunguliwi. Kuna mchoraji mmoja aliona mambo haya ni ya kizee, akajitilia wino mwenyewe mstari mzima. Mzee Kihwele hakumgombeza. Alichukua wembe akakaa kuukwangua mstari ule, kidogo kidogo, asubuhi nzima, mbele yetu. Yule bwana aliomba uhamisho.

Mnaweza kuuliza, kama mito inapimwa, penseli ya nini? Ni ya mafuriko, wanangu. Siku ya mafuriko ndiyo siku ambayo hakuna anayeweza kushuka mtoni. Daraja limezama, gari limekwama, ubao wenyewe umebebwa. Kwa hiyo ile sehemu ya juu ya kila mstari, inayohusu maji makubwa, ndiyo tusiyokuwa na nukta zake. Hapo tulichora mistari kadhaa ya penseli inayoachana kama vidole, na pale panapoandikwa namba tukaacha herufi. Wageni waliona uchafu. Mzee aliita heshima.

Katikati ya miaka ya sabini tukahamishiwa Mbeya, mzee na mimi. Yeye alipanga mtaa wa Soweto, mimi Ilomba, na asubuhi tulikutana njiani akinilalamikia ulanzi, ile pombe ya mianzi. Wa Mbeya, alisema, ni maji ya kuoshea vikombe. Mbeya tukakuta kitu ambacho Iringa hatukuwa nacho, mashine ya kutolea nakala za bluu. Unaweka mchoro wako juu ya karatasi yenye dawa, taa inapita, amonia inakutoa machozi kama umekata kitunguu, na nakala inatoka. Tuliipenda sana. Hatukufikiria kwamba mashine ile haikulelewa Iringa na Mzee Kihwele. Yenyewe wino iliutoa bluu, na penseli ikaitoa bluu.

Sasa tufike Usangu. Kuna mto unaoshuka kutoka milimani kuingia kwenye tambarare zile. Sitautaja, maana wenyeji wake wako hai na wana maneno. Tulikuwa na karatasi yake. Chini wino, juu mistari mitatu ya penseli niliyoichora mimi na kukaguliwa na mzee. Kwa mstari wa chini, mvua kubwa ya milimani ingepandisha maji mpaka mwisho wa matete. Kwa wa kati, mpaka kwenye mgunga mmoja mkubwa. Kwa wa juu, maji yangeuvuka mgunga na kutambaa mpaka kwenye kichuguu kirefu, kipana kama kilima, ambacho wachungaji walipanda kuangalia ng'ombe wao. Usangu ni tambarare kama sinia. Maji yakipanda futi moja pale mtoni, pembeni yametembea mbali kuliko mtu anavyoweza kuita akasikika. Upi kati ya mitatu ulikuwa wa kweli, hatukujua.

Ilikuwa miaka ya kukusanyika vijijini, na wilaya ilitafuta mahali pa kijiji kipya kando ya mto ule. Walitakiwa kukaa pale Wasangu wa karibu na familia za Wasukuma waliokuwa wameshuka na mifugo yao kutoka kaskazini. Tarishi wa wilaya akaja kuomba mchoro wa mto. Mhandisi wetu, Bwana Shirima, alikuwa safarini. Mzee na mimi tulikuwa mtoni kwingine. Karani akafanya alichoombwa, akatoa nakala, akampa. Hakuna aliyefanya ubaya. Lakini bwana wa wilaya akaikunjua karatasi yake mezani, akaona mistari mitatu, yote bluu, yote imekolea sawasawa, akachagua.

Alichagua wa kati. Na ninyi mngechagua huo huo. Kwetu mwenye busara hushika la katikati. Watu wakigombea mpaka wa shamba, huyu anadai hapa, yule anadai pale, unapita kati, wote wananuna kidogo na maisha yanaendelea. Bwana yule alikuwa msuluhishi mzuri, wote walimsifu. Akausuluhisha na mto.

Habari ilitufikia kwa Asajile, dereva wetu, aliyekuwa amekwenda Usangu kubadilisha mbao za kupimia, akarudi na mchele na umbea. "Kijiji kimekolea kule," akasema. "Vigingi vimepita pale pale kwenye mgunga, watu wanakandika kuta."

Mzee Kihwele akaweka kikombe chini. "Kwenye mgunga? Nani kawaambia mgunga?"

"Wana ramani yenu."

Sijawahi kumwona mzee akitembea haraka vile. Alifungua droo, akaitoa karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Penseli ilikuwa penseli. Kisha akatoa nakala kwenye mashine, akaitazama, akanipa. Nikaona bluu tupu. Nilihisi kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa msibani.

Tukaingia kwa Bwana Shirima. Alikuwa mtu mwelewa, Mchaga asiyependa makelele, na alituelewa kabla hatujamaliza.

"Mzee, tunaweza kuwaambia maji yatafika kwenye kichuguu?"

"Hatuwezi, bwana mhandisi."

"Tunaweza kuwaambia hayatavuka mgunga?"

"Nayo hatuwezi."

Akashika kichwa. "Sasa mimi nitamwambia nini bwana wa wilaya? Kijiji hakihamishwi kwa neno sijui."

"Ndilo neno tulilo nalo."

Bwana Shirima akatupa gari, na mafuta ambayo hayakuwa mengi, akampigia simu bwana wa wilaya kwamba tunakuja. Zaidi ya hapo angefanya nini?

Tulifika kijiji kikiwa kazini. Wanaume wanakata fito, wanawake wanakanyaga udongo, watoto wamepakaa tope mpaka kope. Bwana wa wilaya alitupokea vizuri, akaitisha mkutano pale pale. Mzee akaeleza. Akainua karatasi yetu, akawaonyesha penseli. Bwana wa wilaya akainua yake.

"Mzee wangu, mimi naona bluu."

"Ndiyo, bwana. Mashine imeipaka. Lakini huo mstari ni wa kukisia."

"Na ule wa juu?"

"Wa kukisia pia."

"Na wa chini?"

"Vile vile."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akapiga kelele, "Basi mzee tuchague kwa bahati nasibu!" Bwana wa wilaya hakucheka, hilo nampa sifa. Alisema vigingi vimeshapigwa, mvua haziko mbali, na hawezi kuwaambia watu wabomoe kwa sababu ya penseli. Anayetaka kusogea kwenye kichuguu kwa hiari yake, ruhusa.

Nilidhani tunarudi Mbeya. Mzee akavua koti, akanipa nilishike, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mlango maneno yale yale, na kila mlango majibu yale yale. Kwenye kichuguu maji ya kuchota yatakuwa mbali. Huko shamba halijalimwa. Mzee, umekula? Karibu viazi. Viazi tulikula vingi siku ile, wa kuhama tulikosa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Kulwa. Mjane wa Kisukuma, mwenye pacha wawili wa kike na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote pale, mwanamke wa sauti ya kuitia mifugo. Alikuwa anamalizia ukuta wa pili kwa mikono yake, na ukuta ulikuwa mzuri, umenyooka.

"Mwangaluka, mama," mzee akajitahidi kumsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. We ndo mzee wa penseli? Sema haraka, udongo unakauka."

Akasema. Mama Kulwa akafuta mikono kwenye kanga, akamkazia macho.

"Maji itafika hapa?"

"Sijui."

"We baba, umetoka Mbeya na gari ya serikali mpaka hapa, kuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo, mama. Na aliyekuambia hayafiki, naye hajui. Tofauti ni kwamba mimi nimekuambia."

Mama Kulwa akaugeukia ukuta wake. Kisha maneno yakamtoka mfululizo, mpaka pacha wake wakaja kusimama mlangoni. Kule kaskazini waliambiwa mvua itakuja, haikuja. Njiani waliambiwa majani yapo, hayakuwepo. Mumewe walimwambia ni malaria tu, akafa. "Kila mtu anajua! Kila mtu ananiambia anajua! Hii nyumba nimekandika na hii mikono, sasa unataka nibomoe kwa sababu hujui?"

Mzee akainamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze na koti lake.

"Na nikihama, halafu maji haiji?"

"Utanitukana, mama. Utanitukana ukiwa mkavu."

Akamtazama, akatema mate pembeni, akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa cha furaha. Kesho yake asubuhi, kabla hatujaondoka, tulimwona anang'oa mlango. Aliupakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe, yeye na pacha wake, wakashika njia ya kichuguuni. Familia mbili za ndugu zake zikamfuata. Wengine walisimama kwenye nyumba zao wakiangalia, na wapo waliopiga vigelegele vya dhihaka.

Mvua za mwaka ule zikaja za kawaida. Maji hayakutoka hata kwenye matete. Asajile alipokwenda kubadilisha mbao, akarudi na ujumbe wa Mama Kulwa, akautoa mbele ya ofisi nzima huku akiiga sauti. "Mwambie mzee wa penseli, niko mkavu!" Tukacheka mpaka tukashika meza. Mzee naye akacheka.

Mwaka uliofuata vile vile. "Mwambie mzee wa penseli, niko mkavu, na kichwa kimeota upara kwa kubeba ndoo!" Tukacheka tena. Lakini safari ile niliona mzee amerudi mezani na hafanyi kitu. Kila asubuhi mwanamke yule na pacha wake walikuwa wakitembea ule mwendo wote kuchota maji, wakipita mbele ya nyumba za walio karibu na mto, wakichekwa, kwa sababu ya neno lake. Akaniuliza siku moja, ghafla, tukiwa tunachonga penseli, "Atu, kama ningenyamaza?" Niliendelea kuchonga.

Ujumbe ukaja kila mwaka. Mzee akastaafu, macho yakiwa yameanza kuingiwa na ukungu, mtoto wa jicho. Tulimpa blanketi na redio, akarudi kwao Iringa. Ujumbe ukaendelea kuja. Nikawa naupokea mimi na kumpelekea kwa salamu kupitia makondakta wa mabasi. Hakuwa akijibu.

Kisha, mwishoni mwa miaka ile ya sabini, mvua ikanyesha milimani kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona. Mbeya mjini mitaro ilikuwa inanguruma. Nikawa silali vizuri, namfikiria mama yule. Barabara ya Usangu ilikatika, na siku zikapita bila habari, na pale ofisini hakuna aliyetaja kichuguu kwa mdomo wake.

Ilipofunguka nilikuwa kwenye gari la kwanza na Asajile. Tuliuona mgunga kwanza. Nyasi na matakataka vilikuwa vimening'inia kwenye matawi yake, juu ya kichwa cha mtu. Mstari wa vigingi haukuwepo tena. Nyumba zote zilizojengwa juu yake zilikuwa zimelala, zimerudi kuwa udongo, na kuku hakuna, na mbwa mmoja anazunguka ananusa. Asajile, mtu wa utani maisha yake yote, alizima gari akavua kofia. Mimi nililia pale pale kwenye kiti, sina aibu kusema.

Watu tuliwakuta kichuguuni. Alfajiri ile maji yalipoingia ndani, walikimbia kufuata mlio wa ng'ombe wa Mama Kulwa, wakibebana, wazee migongoni. Walipona. Walikuwa wamejaa uani kwake, wanapika kwenye vyungu vyake, wamelaza watoto kwenye zizi lake. Wale wa vigelegele walikuwepo pia, wanachota uji.

Mama Kulwa alinishika mkono bila salamu, akanipeleka nyuma ya jiko. Chini kidogo ya kichuguu alikuwa amechomeka mpini wa jembe kwenye tope. "Iliishia hapa," akasema. "Nilichomeka mwenyewe, nikijua mtakuja na vikamba vyenu." Kutoka pale mpaka mlangoni kwake ungeweza kurusha jiwe kivivu likafika. Tukapima mpini, tukapima matakataka kwenye miti pande zote mbili, tukapima mteremko na upana, ile njia ndefu ya kukisia wingi wa maji yakishaondoka. Tulipomaliza, nikaenda kumuaga.

"Mwambie mzee," akasema, na sauti ile kubwa haikuwepo. Akaanza upya. "Mwambie mzee wa penseli, niko mkavu."

Nilirudi Mbeya nikapiga hesabu. Nukta ikaangukia chini kidogo ya ule mstari wetu wa juu. Bwana Shirima akakagua, akasema anaridhika, angeweza kusema neno la wino yeye. Kisha akanitazama, akasema, "Mpelekee mwenyewe." Nikaikunja karatasi kwenye bomba lake, nikachukua chupa ya wino na kalamu, nikapanda basi la Iringa.

Mzee Kihwele alikuwa amekaa dirishani, koti lile lile. Macho yalikuwa meupe. Alinijua kwa shikamoo yangu. Nikamweleza yote, na mwisho nikampa ujumbe kama nilivyopewa, kwa sauti ile ile ndogo.

Hakucheka. "Wa kwenye vigingi?"

"Watu wamepona, mzee. Nyumba zimelala zote."

Akatikisa kichwa polepole. "Ningewaambia kwa nguvu zaidi."

"Ungewaambia nini? Hukujua."

"Hilo ndilo linaloniuma, Atu. Kweli yangu haikuwa na nguvu."

Nikatandaza karatasi mezani mbele yake, nikamsomea nukta zote moja moja, kuanzia za chini tulizozipima pamoja, hadi ile mpya ya mpini wa jembe. Alikuwa anaitikia kila moja kwa kidole. Nilipomaliza akavuta pumzi.

"Tia wino. Mpaka hapo yalipofika. Juu ya hapo acha penseli."

Niliipasha chupa kwapani, maana Iringa ni Iringa. Nikatia wino, yeye akisikiliza kalamu inavyokwaruza. Ulipokauka, akanyoosha mkono, akaweka ukucha juu ya karatasi. Wino una kamgongo, ukiwa na kidole cha kazi unausikia. Akaufuata mstari taratibu kutoka chini, ukapinda naye akapinda, mpaka ukucha ukafika mahali usikute kitu, ukasimama.

"Mama Kulwa anakaa chini ya hapa, au juu?"

"Juu, mzee."

"Kwenye penseli."

"Ndiyo, mzee."

Akarudisha mkono mapajani, akageuza uso dirishani kama bado anaona.

"Basi mwambie asipazoee hapo. Mwambie aendelee kunitukana."